Kung'oa Programu Usiyoitaka Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta ya nyumbani ina wakubwa wengi. Mtoto anapakua mchezo, mjomba anaweka programu ya kurekebisha picha za harusi, fundi anaacha zana zake humo, na kiwanda kilikuwa kimeshaweka za kwake kabla boksi halijafunguliwa. Mwaka ukipita, mashine inachukua muda mrefu kuwaka, feni inavuma hata kama hujafungua kitu, na kwenye kona ya skrini vijidirisha vinachomoza kudai ulipie hiki au usasishe kile. Hapo wengi huiendea aikoni, hubofya kitufe cha kulia cha kipanya, hufuta, na kuridhika. Kilichofutwa ni njia ya mkato tu, faili dogo la kilobaiti chache linaloonyesha programu yenyewe iko wapi. Programu ipo palepale, na kama ilikuwa inajiwasha kila asubuhi, kesho itajiwasha tena.

Maelezo haya yanahusu zaidi Windows 10 na 11, maana ndizo zilizojaa majumbani. Mac na Linux nitazigusa kwa ufupi. Na kwa kuwa kompyuta nyingi huku kwetu zina maandishi ya Kiingereza, majina ya vitufe nimeyaacha kama utakavyoyakuta kwenye skrini.

Programu inapoingia, hujigawa

Mafaili makuu huenda kwenye folda ya Program Files iliyo kwenye diski C, au Program Files (x86) kama programu ni ya biti 32. Data inayotumiwa na watumiaji wote huwekwa ProgramData, folda ambayo Windows huificha. Mipangilio yako binafsi na mafaili ya muda huingia AppData, nayo imefichwa ndani ya folda yenye jina lako. Hiyo AppData mzazi aijue vizuri: programu inayojisakinisha humo haihitaji nenosiri la msimamizi wa kompyuta. Ndiyo sababu umempa mtoto akaunti ya kawaida, ukadhani umemdhibiti, na bado unakuta kivinjari usichokijua na michezo mitatu mipya.

Kisha kuna rejista ya Windows, hifadhidata ambamo programu huandika iliko, mafaili inayoyafungua, na amri ya kutumika siku ya kuiondoa. Na juu ya hayo yote kuna vitu vinavyojiendesha: kipengele cha kuwaka pamoja na kompyuta, huduma inayofanya kazi bila dirisha, kazi iliyowekwa kwenye ratiba, draiva, kiendelezi cha kivinjari, na mara chache cheti cha usalama.

Kwa maoni yangu watu hupoteza nguvu mahali pasipostahili. Folda tupu iliyosahaulika AppData, au mistari ya rejista inayotaja programu isiyokuwepo, ni takataka iliyolala. Haili RAM, haimalizi bando, haisomi nenosiri. Kinachostahili kuwindwa ni kile kinachoamka chenyewe, sawa na mpangaji aliyehama huku akibaki na ufunguo wa pili. Utamkuta mtu ametumia jioni nzima na programu ya kusafisha rejista, inamwonyesha mamia ya makosa kwa rangi nyekundu, ilhali huduma iliyokuwa ikiichosha kompyuta yake bado inaendelea na kazi. Microsoft haiungi mkono matumizi ya visafishaji hivyo, na iliwahi kueleza wazi kwamba haitabeba dhamana ya madhara yake. Mstari mmoja muhimu ukifutwa kimakosa, Windows inaweza kugoma kuwaka. Faida yake ni kilobaiti kadhaa.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili nyaraka na picha zako kwenye flashi au diski ya nje. Halafu tengeneza alama ya kurejea: andika "Create a restore point" kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua diski C, washa ulinzi kwa kitufe cha Configure kama umezimwa, kisha bofya Create. Mambo yakiharibika utarudisha mfumo ulivyokuwa. Alama hiyo hairudishi picha wala barua zilizofutwa, ndiyo maana flashi imetangulia.

Sasa fungua Settings, nenda Apps, kisha Installed apps. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Apps & features. Panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Kama matangazo yalianza Jumanne, tazama kilichoingia Jumanne. Mara nyingi utakuta programu mbili au tatu za siku moja: moja uliitaka, nyingine zimedandia. Mtindo huu wa kudandia haukuwa wa tovuti za uchochoroni peke yake. Kwa miaka mingi kisakinishi cha Java, kilichotolewa na Oracle, kampuni kubwa kabisa, kilikuja na upau wa kivinjari uitwao Ask ukiwa umeshawekewa tiki. Mwaka 2013 mwandishi wa teknolojia Ed Bott alionyesha kwamba upau huo ulikuwa unasubiri dakika kama kumi baada ya Java kumaliza ndipo nao ujisakinishe. Aliyekagua orodha papo hapo hakuona kitu.

Kwenye orodha hiyo kuna majina yanayofanana na uchafu lakini si uchafu. Microsoft Visual C++ Redistributable inaweza kujitokeza mara kumi, kila moja na mwaka wake: 2008, 2010, 2013 na kuendelea. Hizo ni maktaba zinazotegemewa na programu nyingine. Ukiondoa ya 2010, programu yako ya uhasibu inaweza kukataa kufunguka, na wala haitakuambia kwa nini. Ziache, pamoja na .NET, WebView2, na chochote chenye jina la Realtek, Intel au AMD. Jina usilolijua litafute kwanza mtandaoni.

Njia ya kawaida, ikifuatwa hadi mwisho

Funga programu unayotaka kuiondoa, ikiwemo ile aikoni yake ndogo karibu na saa. Kwenye orodha bofya vidoti vitatu vilivyo mbele ya jina lake, kisha Uninstall. Programu ambazo hazionekani hapo zinaweza kuonekana kwenye orodha ya zamani: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, bonyeza Enter.

Dirisha la kuondolea lisome taratibu. Watengenezaji wajanja huweka kitufe kikubwa chenye rangi kwa ajili ya kubaki, na neno la kuondoka wanalififisha pembeni kwa maandishi madogo. Wengine wanakupa punguzo la bei, wengine wanauliza mara tatu kama una hakika. Ukiulizwa kama data na mipangilio yako nayo ifutwe, weka tiki, isipokuwa unakusudia kuirudisha programu hiyo baadaye.

Ikimalizika, washa kompyuta upya kwa kuchagua Restart. Kuzima kwa Shut down halafu kuwasha hakutoshi, na hili watu wengi hawalijui. Windows za sasa zina kipengele cha kuwaka haraka kinachohifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski wakati wa kuzima na kuirudisha ilivyo wakati wa kuwasha. Mafaili yaliyokuwa yanatumika hayakuweza kufutwa palepale, yamewekwa kwenye foleni yakisubiri kompyuta ianze upya kikwelikweli. Restart ndiyo inayoianzisha foleni hiyo.

Baada ya hapo bonyeza tena Windows na R, andika %appdata%, kisha %localappdata%, kisha %programdata%, moja baada ya nyingine. Ukiona folda yenye jina la programu uliyoiondoa, ifute. Windows ikikwambia faili linatumika, umepata habari muhimu kuliko folda yenyewe: kuna kipande ambacho bado kiko hai. Mahali pawili usipafute kwa mkono hata kama pamejaa: C:\Windows\Installer na WinSxS. Ya kwanza ndiyo inayohifadhi vifurushi vinavyohitajika siku ya kusasisha au kuondoa programu zako nyingine.

Ikigoma kutoka

Sababu ya kawaida ni kwamba kipande chake bado kinaendeshwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta jina lake, bofya End task, kisha jaribu tena. Ikiibuka upya baada ya sekunde chache, ina huduma inayoilinda. Andika services.msc kwenye lile dirisha la Windows na R, itafute huduma hiyo, isimamishe, na kwenye Startup type chagua Disabled.

Wengine hukimbilia Hali Salama, yaani Safe Mode, ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Unaifikia kwa kushikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4. Ni mahali pazuri pa kufutia mafaili sugu. Lakini huduma ya Windows Installer kwa kawaida haifanyi kazi humo, hivyo programu inayotegemea huduma hiyo itakataa kuondoka ukiwa ndani ya Hali Salama, hata kama ungeiondoa bila shida nje yake. Anza na hali ya kawaida.

Kama ujumbe unasema faili la kuondolea halipatikani, huenda mtu aliifuta folda ya programu kwa mkono. Dawa ya zamani bado inatibu: sakinisha upya toleo lilelile juu yake, kisha liondoe kwa utaratibu. Microsoft nayo inatoa bure kirekebishaji chake, Program Install and Uninstall troubleshooter, kinachosafisha maandishi ya rejista yanayozuia uondoaji.

Zipo pia programu za watu wengine za kazi hii. Revo Uninstaller na Bulk Crap Uninstaller huita kwanza kiondoaji cha programu yenyewe, kisha hutafuta mabaki na kukuonyesha kabla ya kufuta. Zinafaa, mradi usome orodha kabla ya kukubali yote, na uzipakue kwenye tovuti za wenyewe. Hata hivyo, umaarufu wa zana si dhamana. Mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner, kisafishaji kilichokuwa kwenye mamilioni ya kompyuta, lilitoka kwa mtengenezaji wake likiwa limepandikizwa msimbo wa wadukuzi, na kompyuta takriban milioni 2.27 zilikuwa nalo kabla halijagunduliwa. Zana ya kusafishia itumie, halafu nayo iondoe.

Kinachojiwasha

Kwenye Task Manager fungua sehemu ya Startup apps. Hapo pana programu zinazowaka pamoja na kompyuta, na kila moja imeandikiwa uzito wake: mdogo, wa kati, mkubwa. Zima usizozihitaji. Kisha andika taskschd.msc ufungue ratiba ya kazi, bofya Task Scheduler Library, usome safu ya Triggers na kichupo cha Actions. Kazi yenye jina la herufi zisizosomeka, inayofungua faili lililoko AppData kila baada ya saa moja, inastahili kushukiwa. Kazi zilizo ndani ya folda ndogo ya Microsoft ziache.

Anayetaka kuona yote mahali pamoja apakue Autoruns kutoka Microsoft. Ni bure na haihitaji kusakinishwa. Ifungue kama msimamizi, nenda Options, chagua Hide Microsoft Entries, na orodha ndefu itapungua hadi zile za kampuni nyingine. Mistari ya njano ni ya mafaili yasiyokuwepo tena, mabaki ya zamani yasiyo na haraka. Ya waridi mara nyingi ni mafaili yasiyo na saini wala jina la mtengenezaji. Toa tiki kwanza, usifute. Washa upya, tumia kompyuta siku mbili tatu, na kama hakuna kilichoharibika, rudi ukafute.

Mmoja wa watengenezaji wa Autoruns ni Mark Russinovich, na ndiye aliyefichua tarehe 31 Oktoba 2005 kwamba CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinajisakinishia programu ya kuzuia kunakili, iliyokuwa inaficha kila faili lenye jina linaloanza na $sys$. Haikuwa na njia ya kawaida ya kuiondoa. Aliyefuta draiva zake kwa nguvu alijikuta kisomaji chake cha CD hakionekani tena kwenye kompyuta. Kiondoaji ambacho kampuni ilikitoa baada ya kelele za umma nacho kilifungua tundu jipya la usalama. Draiva, kwa hiyo, usizing'oe kwa kubahatisha.

Kivinjari ndiko matangazo yanakotoka

Malalamiko mengi ya "kompyuta ina virusi" hayana programu yoyote nyuma yake. Mtu alitembelea tovuti ya filamu au mpira wa bure, ukurasa ukamwambia abofye Allow kuthibitisha kwamba yeye si roboti, akabofya. Alichokiruhusu ni tovuti hiyo kumtumia arifa wakati wowote, na sasa kila saa anaonywa kwamba virusi vitano vimepatikana. Hakuna cha kusanidua. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications mahali pa anwani, uondoe kila tovuti usiyoitambua. Edge na Firefox zina ukurasa wa aina hiyohiyo kwenye mipangilio yake.

Kisha kagua viendelezi. Ondoa usivyovitumia, hasa vya kuponi za punguzo, vya kubadilisha PDF, na vile vinavyobadilisha ukurasa wa kutafutia. Kiendelezi kikirudi baada ya kuondolewa, kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza ni usawazishaji wa akaunti: ulichokiondoa kwenye laptop kinarejeshwa na kompyuta ya ofisini uliyoingia kwa akaunti ileile. Pili, fungua menyu ya kivinjari uone kama chini kabisa pameandikwa "Managed by your organization". Kompyuta ya nyumbani haina shirika linaloisimamia. Maneno hayo yanaweza kuletwa na antivairasi halali, lakini pia programu mbaya huandika sera kwenye rejista ili kiendelezi chake kisiondoleke. Ukiandika chrome://policy utaziona sera zenyewe, na hapo mwenye kujua rejista akusaidie kuzifuta.

Jambo jingine dogo linawasumbua hata mafundi. Umeweka ukurasa wa mwanzo vizuri, umesafisha kila kitu, na bado kivinjari kinafunguka kwenye tovuti ya ajabu. Bofya aikoni yake kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, tazama mstari wa Target. Unatakiwa uishie kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Kama baada yake kuna nafasi kisha anwani ya tovuti, ndipo ilipojificha. Futa anwani hiyo, bofya OK, ukague pia aikoni iliyobandikwa kwenye upau wa chini.

Antivairasi, vyeti na kraki

Programu za kinga zimejengwa ziwe ngumu kuondoa, maana kirusi nacho kingependa kuziondoa. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wana zana maalumu ya bure ya kumalizia kazi: McAfee wana MCPR, Avast wana Avast Clear, Kaspersky wana kavremover. Pakua kwanza zana hiyo, ndipo uanze. Ukishaondoa na kuwasha upya, fungua Windows Security uhakikishe kinga ya Microsoft Defender imewaka. Kwa kawaida hujiwasha yenyewe, ila thibitisha kwa macho. Na kama ulilipia kwa kadi, ingia kwenye akaunti yako ya mtengenezaji uzime malipo ya kujirudia. Kusanidua hakusimamishi malipo. Mwaka ujao kadi itakatwa kwa programu usiyokuwa nayo.

Cheti ni kitu ambacho wengi hawakiwazii. Kati ya mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Lenovo iliuza laptop zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyoweka cheti chake cha mzizi ndani ya Windows ili iweze kusoma hata mawasiliano yaliyofichwa kwa usimbaji, ya benki yakiwemo. Mashine zote zilitumia ufunguo mmoja, na ufunguo huo ukajulikana hadharani. Aliyeiondoa Superfish kwa njia ya kawaida aliondoa programu, lakini cheti kilibaki, na hatari ilikuwa kwenye cheti. Orodha ya vyeti vya mzizi inaonekana kwa kuandika certlm.msc. Usifute ovyo, tafuta tu jina la programu uliyokwisha kuiondoa.

Kraki, yaani programu za kuamilisha bila leseni, zinataka maneno mengi zaidi, kwa sababu ndizo zilizoenea. Windows na Office za kuchakachua nyingi zimeamilishwa kwa programu inayojifanya seva ya kampuni. Uamilisho wa aina hiyo hudumu siku 180, kwa hiyo kraki huacha kazi kwenye ratiba au huduma ya kuuhuisha. Na kwa kuwa Defender huikamata, anayeisakinisha huiambia Defender ifumbe macho kwenye folda ya kraki. Hiyo ruhusa hubaki hata baada ya kraki kuondolewa, na kirusi chochote kitakachotua kwenye folda hiyo hakitaguswa. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda humo na hujui nani aliiweka, itoe, kisha endesha Microsoft Defender Offline iliyo kwenye Scan options. Kompyuta itajiwasha upya na kukaguliwa kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijawaka.

Ukiondoa kraki, Windows isiyo na leseni haitakufa. Itaandika maneno kwenye kona ya skrini na kukuzuia kubadilisha mandhari. Na usikate tamaa mapema: laptop nyingi za kiwandani tangu Windows 8 zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu wenyewe. Fundi aliyeweka toleo la Pro la kuchakachua juu ya mashine iliyonunuliwa na Home alikuwa anaiba kitu ambacho tayari unacho. Kwa Office, LibreOffice ni ya bure na inafungua nyaraka za Word.

Kuna pia zana za kuingilia kutoka mbali, kama AnyDesk na TeamViewer. Ni programu halali, fundi alitumia mojawapo kukusaidia, tatizo likaisha, lakini pengine aliacha nenosiri la kuingia wakati wowote bila wewe kuwepo. Iondoe msaada ukimalizika. Kama aliyeingia alikuwa tapeli aliyekupigia simu akijifanya wa benki au wa kampuni ya kompyuta, kata intaneti kwanza, kisha badili manenosiri yako kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe na benki. Kubadili ukiwa kwenye kompyuta ileile ni kumpa mapya.

Mac na Linux

Kwenye Mac, kuburuta programu hadi kwenye pipa la taka huacha mipangilio ndani ya folda ya Library, hasa Application Support, Caches na LaunchAgents. Shikilia Option ukifungua menyu ya Go kwenye Finder ndipo Library itaonekana. Kagua pia Login Items, na Profiles kama kivinjari kimetekwa. Kwenye Ubuntu, apt remove huacha mafaili ya mipangilio, apt purge huyaondoa.

Kuanza upya, na laptop za mtumba

Ikifika mahali umeondoa programu kumi na mashine bado inaumwa, acha kuwinda. Kwenye Settings ya Windows 11, System, Recovery, kuna Reset this PC. Keep my files huacha nyaraka na kuondoa programu zote ulizosakinisha. Remove everything hufuta vyote. Ukichagua Cloud download, jua inaweza kutumia zaidi ya GB 4 za data, kwa hiyo usiifanye kwa bando la siku. Local reinstall haihitaji kupakua, ila hujenga Windows kwa mafaili yaleyale yaliyomo kwenye mashine. Ukiulizwa kama programu za kiwandani zirudishwe, kataa. Na kwa mwenye Windows 10: msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kama mashine inakubali 11, ukianza upya anza nayo.

Kuna vitu viwili ambavyo hata kuanza upya hakuving'oi, na vinawahusu wanunuzi wa laptop zilizotumika, zile za maofisi ya Ulaya na Ghuba zinazoingia Kariakoo na Nairobi kwa wingi. Cha kwanza ni wakala wa ufuatiliaji wa kampuni ya Absolute, zamani akijulikana kama Computrace. Mzizi wake uko kwenye BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya ubao mkuu, na akishaamilishwa hujirudisha ndani ya Windows hata ukibadilisha diski. Cha pili ni usajili wa Autopilot wa Microsoft: mashine ikisetiwa upya na kuunganishwa na intaneti, inadai barua pepe na nenosiri la kampuni iliyoimiliki. Vyote viwili anaweza kuviachia mmiliki wa awali peke yake, na fundi anayedai ameviondoa kwa kawaida ameviruka tu, vitarudi siku ya kusasisha au kuseti upya.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiseti mashine upya mbele yako hadi mwisho, ikiwa imeunganishwa na intaneti, kisha aingie BIOS uone kama Computrace imeandikwa Activated. Ikidai akaunti ya kampuni usiyoijua, usiichukue, hata bei ikishushwa nusu.